Muziki wa klasiki wa taratibu: pa kuanzia kwa asiyejua pa kuanzia

Maswali ni yale yale kila mara. "Nianze na nani?" "Mbona majina yake yamejaa namba?" "Niliweka nilale, ghafla matarumbeta yakanirusha kitandani, nimekosea wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa.

Mwongozo huu ni wako kama unatafuta muziki wa klasiki wa Ulaya ulio mpole: wa kupumzikia jioni, wa kusomea, wa kutuliza kichwa baada ya foleni. Hautakufanya mjuzi, wala hauna haja ya kukufanya hivyo. Msimamo wangu nausema mapema: usianze na zile orodha za saa nane zenye picha ya ziwa na ahadi ya kutuliza akili. Anza na kipande kimoja cha dakika tatu. Kizoee, kisha nenda cha pili.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Simu na hedifoni. Za bei ya chini zinatosha, mradi upande mmoja haujafa. Spika ya simu peke yake haifai, kwa sababu inameza sauti za chini, na huko chini ndiko mkono wa kushoto wa mpiga piano unakofanya kazi.
- Programu ya muziki yoyote uliyonayo, au YouTube.
- Bando kidogo. Sauti pekee ya ubora wa kawaida hula takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kipande cha dakika tano ni kama MB 5. Video hula zaidi ya hapo mara nyingi, hivyo ukiwa YouTube shusha picha hadi 144p. Huji kuangalia, unakuja kusikiliza.
- Dakika kumi ambazo hakuna atakayekuita.
- Mahali pa kuandika majina ya unavyovipenda. Utashukuru baadaye, maana majina haya hayakai kichwani.

Huhitaji kujua nota, na huhitaji kujua Kijerumani. Kama umekulia kwenye taarabu asilia ya Unguja, tayari una mtaji: bashraf ile inayopigwa kabla mwimbaji hajasimama ni muziki wa fidla, selo na ganuni usio na neno hata moja, na umeshauzoea. Waliolelewa na rumba au bongo fleva ndio hutatizika zaidi mwanzoni, kwa sababu sikio lao linatafuta ngoma ya kushika mwendo. Humu ngoma mara nyingi haipo. Mwendo unaushika kwenye pumzi ya mpigaji.

## Hatua ya 1: Tengeneza simu kwanza

Nusu ya malalamiko ninayoletewa hayahusu muziki, yanahusu mipangilio ya simu. Zima hivi:

1. Kuchanganya nyimbo, yaani kile kitufe chenye mishale miwili inayopishana. Kazi za klasiki zina sehemu zinazofuatana. Ukizichanganya unapata fujo.
2. Kujiendesha kwenda wimbo unaofuata. Kipande chako kikiisha, kiishe, kimya kifuate.
3. Kuunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Vipande vingi vya taratibu huisha kwa kufifia, na mpangilio huu unaula ule mwisho.
4. Kuongeza besi. Kwenye bongo fleva sawa. Kwenye selo, unapata mngurumo wa jenereta.

Sauti nayo ina namna yake ya kupimwa. Muziki wa kisasa umebanwa, unaanza na kuisha kwa nguvu ileile. Huu unaweza kunong'ona dakika mbili kisha ukapanda. Ukipandisha sauti ya simu wakati wa mnong'ono, utakuja kujuta. Peleka kwanza mshale katikati ya kipande au robo ya mwisho, tafuta palipo na nguvu, pima sauti hapo, kisha rudi mwanzo. Kwenye daladala usijisumbue kabisa. Sauti za chini zote zitamezwa na injini na utasema hakuna kitu.

## Hatua ya 2: Sikiliza kipande kimoja tu

Andika kwenye kitafutio: *Satie Gymnopédie No. 1*. Ile alama juu ya *e* isikusumbue, bila hiyo utapata pia.

Erik Satie alikuwa Mfaransa, na alitunga vipande vitatu vya jina hili mwaka 1888. Cha kwanza ni piano peke yake, dakika tatu na kidogo. Nakichagua kwa sababu hakina mtego: hakipandi ghafla, hakikimbii, na kinajifunua polepole kiasi kwamba hata sikio geni linakiona kinavyojengwa.

Weka hedifoni, funga macho ukipenda, hesabu moja-mbili-tatu kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwenye "moja" mkono wa kushoto unagusa noti ya chini. Kwenye "mbili" unagusa kifungu cha noti laini katikati ya piano, na kwenye "tatu" kifungu hicho kinaachwa kining'inie. Mizunguko minne inapita hivyo, hakuna kingine. Halafu juu yake unaingia wimbo, noti moja moja, kama vile mpigaji anafikiria kila moja kabla ya kuigusa. Karibu na katikati kila kitu kinaanza upya. Safari hii, wimbo unapokaribia mwisho, noti chache zinabadilika na rangi yote inakuwa nzito zaidi. Ukiligundua badiliko hilo bila kuambiwa liko wapi, umeshaanza kusikiliza.

Kirudie palepale mara ya pili, sasa ukifuata mkono wa kushoto tu. Wimbo wa juu uache ujiendee. Kisha zima. Kwa siku ya kwanza inatosha.

## Hatua ya 3: Jifunze kusoma jina

Hapa ndipo wengi huacha, na hakuna sababu ya kuacha. Chukua mfano huu, kama unavyotokea kwenye simu:

*Mozart: Clarinet Concerto in A Major, K. 622: II. Adagio*

Tuuvunje vipande.

Mozart ni mtunzi, siyo mpigaji. Amefariki mwaka 1791, kwa hiyo wanaopiga ni wengine, na majina yao yako chini kwa maandishi madogo. Usiyapuuze hayo madogo, tutayahitaji kwenye hatua ya 7.

Clarinet Concerto ni aina ya kazi: mpigaji mmoja, hapa wa klarineti (chombo cha kupuliza), anasimama mbele, na okestra iko nyuma yake. *Sonata* kwa kawaida ni ya piano peke yake, au chombo kimoja kikiwa na piano. *String quartet* ni watu wanne: fidla mbili, viola na selo. *Symphony* ni okestra nzima.

In A Major unaweza kuiruka. Ukitaka faida ndogo: *minor* mara nyingi ina huzuni ndani yake, *major* ina nuru kidogo zaidi. Mara nyingi, siyo mara zote.

K. 622 ndiyo ya kunakili kwenye daftari. Ni namba ya kazi hiyo kwenye orodha ya kazi za Mozart, na kila mahali duniani ni hiyohiyo. Jina linaweza kuandikwa Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza; namba haibadiliki. Bach ana BWV, Schubert ana D., na wengi waliobaki wana *Op.*, mara nyingine na namba ndogo mbele yake, kama *Op. 9 No. 2* ya Chopin. Ukipotea, tafuta kwa jina la mtunzi na namba tu.

II ni sehemu ya pili ya kazi hiyo.

Adagio ni mwendo. Hili ndilo neno unalolitafuta. Yenye upole ni *Largo*, *Lento*, *Adagio*, na kwa mbali kidogo *Andante*, ambayo ni mwendo wa kutembea. Ukiona *Allegro*, *Vivace* au *Presto*, hiyo inakimbia. Iache kwa siku nyingine.

## Hatua ya 4: Chukua sehemu ya katikati

Konseto nyingi za zama za Mozart na Beethoven zina sehemu tatu: ya haraka, ya taratibu, ya haraka. Sehemu yako ni ya pili. Mtunzi mwenyewe hatajali. Tena, zamani watu walizoea kusikia sehemu mojamoja kuliko tulivyozoea sisi, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kuchagua sehemu moja ni dhambi.

Anza na hiyohiyo K. 622. Mozart aliikamilisha miezi michache tu kabla ya kufa, akimwandikia rafiki yake mpiga klarineti, Anton Stadler. Klarineti inaanza yenyewe, juu ya fidla zinazotembea chini kwa sauti ndogo. Inasema sentensi moja. Okestra nzima inaichukua sentensi ileile na kuirudia kwa upana. Klarineti inaongeza ya pili, okestra inairudia nayo. Hapo usikilize vizuri: noti ni zilezile, lakini mtu mmoja akizisema na watu thelathini wakizisema si jambo moja. Katikati klarineti inashuka hadi kwenye sauti zake za chini kabisa, karibu na sauti ya mtu mzima anayeongea, kisha inapanda tena. Dakika saba au nane hivi. Kama umewahi kuiona ile filamu ya mwaka 1985 iliyopigwa Kenya, ya mwanamke mwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, umeshaisikia.

Ukimaliza hiyo, endelea na hizi, kwa mpangilio huu:

- Mozart, *Piano Concerto No. 21*, K. 467, sehemu ya II. Ya mwaka 1785. Fidla zimewekewa kiziba sauti, zinasikika kama ziko chumba cha pili.
- Beethoven, *Piano Sonata No. 8*, Op. 13, sehemu ya II, *Adagio cantabile*. Piano peke yake, dakika tano hivi. Wimbo wake utaondoka nao.
- Bach, *Orchestral Suite No. 3*, BWV 1068, sehemu ya II, *Air*. Utaikuta pia kwa jina *Air on the G String*, kwa sababu katika karne ya 19 mpiga fidla August Wilhelmj aliipanga upya ipigwe kwenye uzi wa chini wa fidla. Sikiliza besi: inatembea hatua kwa hatua, haisimami hata mara moja, huku juu fidla ikishikilia noti moja ndefu.
- Dvořák, *Symphony No. 9*, sehemu ya II, *Largo*. Ilipigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893. Hii ni ndefu zaidi, dakika kumi na zaidi, na katikati inapanda kwa nguvu kwa muda mfupi. Nakuonya mapema ili usishtuke.

## Hatua ya 5: Fuata chombo unachokipenda

Watu huniuliza nani bora, Mozart au Beethoven. Kwa anayeanza swali hilo halina msaada. Uliza ni chombo gani kinachokugusa, kisha fuata chombo hicho popote kilipo.

Piano. Chopin, *Nocturne Op. 9 No. 2*, ndiyo mlango maarufu kuliko yote. Alitunga nyingine nyingi za aina hiyo, na zipo 21 kwa jumla, kwa hiyo una akiba. Debussy, *Clair de lune*, ni sehemu ya tatu ya kazi iitwayo *Suite bergamasque*, iliyochapishwa mwaka 1905. Schumann, *Träumerei*, ya mwaka 1838, ni fupi sana na ni nzuri kwa kufungia siku.

Selo. Saint-Saëns, *The Swan*, dakika tatu. Imetoka kwenye kazi ya utani kuhusu wanyama aliyoitunga mwaka 1886, na hii ndiyo sehemu pekee aliyokubali ichapishwe akiwa hai. Zilizobaki aliogopa zingemharibia jina la mtunzi makini. Kisha Bach, *Cello Suite No. 1*, BWV 1007, *Prelude*. Mtu mmoja na selo moja, hakuna kingine, lakini utasikia kama wako wawili.

Fidla. Massenet, *Méditation* kutoka opera ya *Thaïs*. Ikikukaa, nenda kwa Mwingereza Vaughan Williams, *The Lark Ascending*: robo saa ya fidla inayojifanya ndege anayepanda angani. Mwanzo wake ni mdogo wa sauti kiasi kwamba utadhani simu imekata.

Kwa anayetaka upungufu wa kila kitu. Arvo Pärt wa Estonia, *Spiegel im Spiegel*, ya mwaka 1978. Piano inapanda noti tatu tatu bila kuchoka. Fidla au selo inashika noti ndefu, na kila sentensi inaongezewa noti moja kuliko iliyotangulia. Basi. Wengine huiona haina kitu ndani yake, wengine hawataki iishe. Jaribu usiku, si mchana.

Grieg ninamtaja kwa sababu ya kichekesho. Ile *Morning Mood* yake, ambayo matangazo ya televisheni huipigia picha za milima ya Norway, aliitungia tamthilia, na pale inapopigwa mhusika yuko Afrika, Morocco, jua likichomoza. Ukiisikia tena, ipe Afrika asubuhi yake.

## Hatua ya 6: Rudia kipande kimoja kwa siku kadhaa

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofanya kazi yote. Muziki usio na maneno hauna kiitikio cha kukukamata mara ya kwanza. Siku ya kwanza utasikia "piano nzuri". Siku ya tatu utaanza kungoja mahali fulani pafike. Pakifika na mwili ukalegea, hapo ndipo utulivu unapotoka, maana mtu hapumziki na asichokijua.

Namna ya kufanya: chagua kipande kimoja, kisikilize saa ileile kila siku kwa siku nne au tano. Mara moja kwa makini, nyingine ukifanya kazi nyepesi, kama kupiga pasi au kuchambua mchele. Kusomea nacho ni sawa pia, lakini kiwe kile ulichokwisha kukizoea. Kipya kitakuvuta masikio na ukurasa utausoma mara tatu.

## Hatua ya 7: Linganisha wapigaji wawili

Sasa rudi kwenye yale majina madogo. Kazi moja inaweza kuwa na mamia ya matoleo, na tofauti si ndogo. Jaribio rahisi kuliko yote ni hili: tafuta Bach, *Goldberg Variations*, BWV 988, kipande cha kwanza kabisa kiitwacho *Aria*. Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliirekodi mwaka 1955 akiwa kijana, akairekodi tena mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa. Ya kwanza inakaribia dakika mbili. Ya pili ni dakika tatu na sekunde chache. Noti zilezile, mtu yuleyule. Anayetaka utulivu achukue ya 1981.

Na kama hutaki kulipia wala kuvunja sheria: mwaka 2012 mpiga piano Kimiko Ishizaka alitoa *Goldberg Variations* yote bure kwa umma, kwa jina la *Open Goldberg Variations*. Unapakua, unamtumia yeyote umtakaye, hakuna wa kukuuliza.

Ukipata toleo ulilolipenda, andika jina la mpigaji na mwaka. "Ile ya Chopin niliyoisikia juzi" hutaipata tena.

## Hatua ya 8: Ongeza urefu

Ukishavizoea vipande vya dakika tatu, vuta pumzi ndefu zaidi. *Adagietto* ya Mahler, sehemu ya nne ya *Symphony No. 5*, ni nyuzi na kinubi tu, lakini waongozaji wa okestra hawakubaliani kabisa kuhusu mwendo wake: wapo wanaoimaliza kwa dakika nane, wapo wanaovuka kumi na moja. Baada ya hapo, *Adagio* ya *String Quintet* ya Schubert, D. 956, ya mwaka 1828, mwaka wake wa mwisho. Mwanzo na mwisho wake ni kama muda umesimama. Katikati kuna dhoruba ya kweli. Usiitumie kulalia.

## Mitego inayowanasa wengi

Kuacha albamu ijiendee. Sehemu ya kwanza ya *Moonlight Sonata* ya Beethoven, Op. 27 No. 2, ni miongoni mwa vitu vipole kuliko vyote. Sehemu ya tatu ya sonata hiyohiyo ni *Presto agitato*, na inaanza kwa kukimbia kutoka chini ya piano hadi juu kwa hasira. Waliolala nayo wanaijua.

Kuamini kwamba taratibu ni sawa na tulivu. Haydn alifanya hivi kwa makusudi. Kwenye *Symphony No. 94*, iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1792, sehemu ya pili inaanza kwa sauti ndogo, inarudia kwa sauti ndogo zaidi, kisha okestra nzima na ngoma vinapiga pigo moja kubwa. Jina lake la utani ni *Surprise*. *Adagio for Strings* ya Barber haina pigo la ghafla, lakini inapanda hadi kilele kinachokata masikio, na ni ya majonzi mwanzo hadi mwisho.

Kuamini kila jina. *Adagio* maarufu ya "Albinoni" haikutungwa na Albinoni wa karne ya 18. Aliichapisha Remo Giazotto mwaka 1958. Ni nzuri hata hivyo, isikilize, ila usibishane kwenye meza ya watu kwamba ni ya Albinoni.

Kumwekea mtoto ili awe na akili. Swali hili halikosi. Lilitokana na utafiti wa mwaka 1993 uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo, siyo watoto wachanga. Walifanya vizuri kidogo kwenye mafumbo ya maumbo baada ya kusikiliza Mozart, na faida ilidumu kama robo saa. Mwekee mtoto kwa sababu ni muziki mzuri.

## Ukikwama

*"Nasinzia kila mara."* Kama ni usiku, umefanikiwa. Kama unataka kusikia mpaka mwisho, kaa kitako, usilale, na usikilize kabla ya kula.

*"Napata huzuni."* Umeangukia vipande vya *minor*, au Barber. Hamia K. 467, *The Swan*, au *Air* ya Bach. Huzuni ikiendelea hata bila muziki, hilo si la muziki. Ongea na mtu.

*"Nyumbani wananiuliza nani amefariki."* Wana haki. Redio zetu zimezoea kutoa muziki wa namna hii siku za maombolezo ya kitaifa, na wazee wakisikia nyuzi za polepole wanaongeza sauti kungoja tangazo. Tumia hedifoni, au anza kuwazoesha kwa piano badala ya okestra.

*"Kuna mtu anaguna nyuma ya piano."* Unamsikiliza Glenn Gould. Aliimba huku akipiga, na mafundi wa studio walishindwa kumzuia. Simu yako nzima.

*"Kipande kimekatika kabla hakijaisha."* Baadhi ya kazi haziachi nafasi kati ya sehemu. Sehemu ya pili ya *Piano Concerto No. 5* ya Beethoven inaishia ikining'inia, na ya tatu inalipuka palepale. Chagua: uvumilie mwisho unaoning'inia, au uruhusu mlipuko.

*"Tangazo la biashara linaingia katikati."* Kwenye YouTube chagua video ya kipande kimoja kifupi, siyo mkusanyiko wa saa tatu, mikusanyiko ndiyo hupachikwa matangazo mengi katikati. Au pakua vilivyo huru.

*"Nimesikiliza wiki nzima, sijasikia chochote."* Badilisha chombo kabla hujabadilisha mtunzi. Aliyechoshwa na piano mara nyingi hushikwa na selo. Ukishajaribu piano, selo, fidla na klarineti na bado ni bure, achana nao kwa amani. Taarabu ipo.

## Kuusikia ana kwa ana

Ukipata nafasi, nenda. Nairobi kuna Nairobi Orchestra. Kinshasa kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994. Makanisa yenye kwaya kubwa nayo hupiga kazi za mtunzi Handel wakati wa Pasaka na Krismasi, na kiingilio mara nyingi ni sadaka tu.

Jambo moja la kujua kabla hujaingia ukumbini: sehemu moja ikiisha kukawa kimya, usipige makofi bado. Watu watakohoa, watageuza karatasi, wapigaji watakaza nyuzi, kisha sehemu inayofuata itaanza. Mwangalie mwongozaji. Akiteremsha mikono na kuwageukia mlioketi, kazi imeisha, piga makofi unavyotaka.